Nilivyomwombea Rwegasira kwa Mama Yake

Kazi yangu ni kuwaandaa wateja wa wakili wetu hapa Bukoba wanaokaribia kutoka gerezani, na naiweza. Juzi nilikwenda Izigo kumwomba mama yake Rwegasira ampokee mwanawe, ambaye kwa hesabu yangu angetoka wiki ijayo. Nilimsihi nusu saa nzima, yeye akimenya ndizi.

"Kwa hiyo amebadilika?" akauliza.

"Kabisa, mama. Mpe nafasi."

Akaita, "Rwegasira, njoo umsikie mgeni wako."

Rwegasira akatokea shambani na mkungu begani. Alikuwa ametoka tangu Jumatatu. Nilikuwa nimesahau kutoa siku alizopunguziwa kwa tabia njema.

"Dada," akasema kwa upole, "nimefuata yote uliyoniandikia gerezani: nirudi nyumbani, nimsaidie mama shambani."

Niliona aibu kubwa, lakini kicheko cha furaha kilinishinda.