Insulini Ndani ya Themosi

Mwaka 1992 mama alikuwa na kisukari, na nyumba nzima tulikuwa na kichupa kimoja cha insulini. Muuguzi alisema kingine kitafika baada ya siku kumi, akasisitiza tukiweke mahali pa baridi. Friji hatukuwa nayo. Tulikuwa na themosi ya uji, ile ya mdomo mpana, na baa moja ya mtaa wa Gisimenti iliyokubali kunipa barafu kila asubuhi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia. Darasani nilifundisha kwa Kifaransa. Nyumbani niligomba kwa Kiswahili, kwa sababu shangazi aliyekuja kumuuguza mama alikulia Bujumbura na ndiyo lugha tuliyoelewana kwayo. Yeye alishikilia kwamba themosi ni ya kutunzia moto, kwa hiyo barafu itayeyuka humo mara moja. Haya, nikamfundisha jikoni kwa vyombo vyake mwenyewe. Sufuria bila kifuniko ni mfumo wazi: joto linatoka, mvuke nao unatoka. Chupa ya soda ni mfumo uliofungwa: soda haitoki, lakini ukiiacha juani inapata moto. Themosi ndiyo iliyo karibu na mfumo uliotengwa, hakiingii kitu wala hakitoki, hata joto. Haijui moto wala baridi, inatunza ulichoipa. Shangazi akaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu.

Mchana akaifungua.

Kwetu mgonjwa lazima ajuliwe hali, na wageni hawaji mmoja mmoja. Kila aliyeingia alitaka kuiona hiyo dawa inayolala kwenye barafu, na shangazi akafungua, wakachungulia, wakashangaa, wakasahau kufunika. Nikirudi kutoka kazini nakuta maji. Nilieleza mpaka koo likakauka, nikamwambia shangazi kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Alinijibu taratibu kwamba mgeni hanyimwi kuona, sisi si wachawi tunaoficha vitu. Ijumaa nilishindwa kabisa kuvumilia. Nilimkuta mwanamke wa mtaa wa juu ameinama juu ya themosi, nikamtoa sebuleni hata chai hajamaliza. Mama alinitazama kwa aibu, nami sikujali.

Jumamosi, mama alipokwisha kujidunga, nilijaza barafu mpya, nikamwagia chumvi ya kutosha, maana barafu yenye chumvi hushuka chini ya sifuri. Nikaizungushia themosi plasta na kutangaza kwamba atakayeigusa tutajuana. Siku hiyo haikuguswa. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikula nikashiba.

Jumapili asubuhi nilibandua plasta. Dawa ilikuwa imeganda kama jiwe. Ilipoyeyuka, vipande vyeupe vilielea ndani. Nilikimbia nayo hadi zahanati, na muuguzi akaitikisa mara moja tu.

“Ikishaganda imekufa. Nani ameweka chumvi?”

Nikasema ni mimi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu, sikusema wa nini. Kila mwaka nawaandikia wanafunzi ubaoni kwamba vitu vilivyotengwa pamoja hupeana joto mpaka vyote vinalingana, halafu nakwenda kuifungia dawa ya mama na barafu ya namna ile! Mjinga wa kujitakia. Muuguzi hakuwa na kichupa kingine mpaka siku zile zitimie, na mama hakuwa wa kufika huko bila sindano.

Niliporudi, mama alikuwa ameshaanza kuomba maji kila mara. Shangazi hakunisimanga. Alijifunga kanga, akatoka, akapita nyumba kwa nyumba akisema wazi kilichotupata, hata ukaidi wangu. Kabla ya saa sita alirudi na yule mwanamke niliyemfukuza, ameshika kichupa kizima kilichofungwa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Nilianza kuomba radhi. Hakunisubiri.

“Ni cha mume wangu, anavyo viwili. Ijumaa nilikuwa nasoma maandishi ya kichupa chenu nione kama ni dawa ileile. Ulinitoa kabla sijamaliza.”

Akanipita mtu mzima mimi pale mlangoni, akaenda kumpa mama.