Majivu na Chokaa: Kuku wa Kuchi Niliowalea Kariakoo

Siku ya kwanza kazini nilimshika kuku miguu, kichwa chini, kama nilivyowaona wachuuzi wote wa Kariakoo wakifanya. Msimamizi wa Matenga, mkuu wa vikapu vya kuku, akanipokonya kabla sijafika mlangoni.

"Huyu si kitoweo," alisema. "Kuchi unambeba kwapani, kifua mbele, ili aone anakokwenda. Ukimning'iniza anakuwa mnyonge, na kuchi mnyonge nani atamtaka?"

Nilikuwa nimetoka Newala na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa na la kujivunia. Dar nilikuwa napita tu, ndivyo nilivyowaambia nyumbani. Nilipita kwa miaka zaidi ya ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kwa kuku wa aina moja. Ninyi vijana mnaofuga siku hizi kwa kutazama picha za simu mnaniuliza kazi hiyo ilikuwaje. Nitawaeleza kama ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo bado yananikereketa.

Kwanza mjue kuchi ni kuku gani. Ni wa kienyeji, lakini hafanani na yule anayeparua jalalani. Ana shingo ndefu, miguu mirefu yenye nguvu, manyoya machache yaliyobana mwilini, mdomo mfupi uliopinda na upanga mdogo kichwani, kama kipande cha nyama kilichobandikwa. Husimama wima kama askari wa zamu. Hukua polepole, na tetea wake hutaga mayai machache. Anayemfuga kwa haraka ya mayai atajuta. Anayemfuga kwa umbo na rangi hatakaa amwache.

Rangi ndiyo iliyokuwa biashara yetu. Mwekundu alikuwa wa kawaida. Mweusi tii alitafutwa na watu wenye shughuli zao, ambao hatukuwauliza ni shughuli gani. Kanga ni yule mwenye vidoa vya kupangika. Lakini aliyewatoa watu majumbani kwao Upanga, wakaja kwa bajaji na kusubiri juani, ni Majivu: kijivu kilichoiva, chenye pindo jeusi kwenye kila unyoya. Na alikuwepo wa mwisho, asiye na mteja. Tulimwita Chokaa, kwa sababu alifanana na ukuta uliopakwa chokaa kisha ukapigwa na mvua, weupe mchafu wenye madoa ya kijivu yasiyo na mpango. Chokaa walikwenda kwa wauza supu.

Baada ya matenga nilihamishiwa kwa Mnunuzi. Huyu alikuwa anapanda bara, Tabora na Shinyanga, kutafuta majogoo. Alinifundisha kumtazama kuku bila kuonyesha kwamba unamtaka. Unamsifu mbuzi wa mwenye nyumba, unakunywa maji, unaaga, kisha ukiwa umeshageuka ndipo unauliza, "Na yule jogoo naye mnamla lini?" Niliipenda kazi hiyo kuliko zote. Kila wiki njia mpya, kila wiki mlango usioujua. Mnunuzi alisema nina jicho. Alisema hivyo mbele ya watu, na mimi nililibeba neno hilo kama mtu aliyepewa cheo.

Ni jicho hilo lililonifikisha kwa Mwenye Mbegu.

Mzee huyu alikuwa na nyumba ya zamani ya Kiswahili ndani kabisa ya Kariakoo, upande wa Gerezani. Mbele ilikuwa na vyumba vya wapangaji, na nyuma ua mpana ambao mtu wa barabarani asingeudhania. Nje mikokoteni inagombana na pikipiki, ndani kuchi wanaoga vumbi. Mbegu yake ya Majivu ilikuwa imerithiwa, na watu waliita rangi ile kwa jina lake. Hakuwa na mtoto aliyependa kuku. Kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba siku moja mzee atamchagua mtu wa kumwachia mbegu. Nilipokanyaga ule ua niliamua kwamba mtu huyo ni mimi. Sijawahi kutaka kukaa mahali popote duniani, ila pale nilitaka.

Kulikuwa na mwingine. Mwanahawa alizaliwa mtaa wa pili na alikuwa hajawahi kuvuka Ruvu. Alikuja kwa mzee akiwa msichana, kufagia, na nilipofika alikuwa na banda lake mwenyewe. Mzee alinipa banda langu mkabala na lake, akanieleza desturi ya ule ua. Kuku waliokusanywa kwa ajili ya mbegu huwekwa nyuma ya pazia la magunia, na hakuna anayechungulia pazia la mwenzake. Tetea anayeatamia akipigwa na kijicho cha mtu, mayai yataharibika. Ndivyo walivyoamini, na mimi nilifuata. Tulichokiona kwa mwenzetu ni vifaranga tu, siku wanapotoka.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuchemka. Mimi nilichagua jogoo Majivu safi kabisa, nikamwekea matetea Majivu safi kabisa. Wakaangua mchanganyiko: Majivu karibu nusu, wengine weusi, wengine Chokaa. Nikabadilisha jogoo, nikapata bora zaidi kutoka bara, matokeo yaleyale. Mwanahawa anainua pembe ya gunia lake, wanatoka vifaranga wa kijivu, wote, kama waliochovywa kwenye chungu kimoja. Msimu baada ya msimu. Wateja wa Upanga wakaacha kunisalimia mimi kwanza.

Nilifikiri mengi. Nilifikiri mzee anampa mayai ya chumbani kwake. Nilifikiri ana mtu wa kumfanyia dawa. Nilimuuliza siku moja, kwa mzaha wa mtu asiye na mzaha, anawalisha nini.

"Pumba, kaka, kama wewe," alijibu. "Labda wako wanasikia hadithi zako za safari, wanachanganyikiwa."

Wapangaji walicheka wiki nzima. Hata mwenye chumba cha mbele, fundi cherehani, akawa ananiuliza kila asubuhi kama kuku wangu wamefika Tabora.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipa faraja. Kila nilipopata Chokaa, Mwanahawa aliniomba. Nilimpa bila kusita, kwa sababu mtu anayeomba kuku wa supu anakuwa chini yako, japo kwa siku moja. Nakumbuka jogoo mmoja Chokaa, mrefu, umbo la kutisha, lakini rangi kama tambara la kufutia meza. Kidole chake cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Nilimpa Mwanahawa, nikamwambia akamle na ubwabwa.

Kisha mzee akaanza kuishiwa pumzi. Watoto wake wakawa wanakuja na watu wenye kamba za kupimia, maana nyumba za jirani zilikuwa zimeshakuwa maghorofa na yetu ilionekana kama jino lililong'oka. Mzee akatuita uani, akaketi kwenye kiti chake cha kamba. Alisema mbegu lazima ihame kabla nyumba haijavunjwa, na kwamba leo magunia yainuliwe yote mawili, kwa idhini yake.

Langu likainuliwa kwanza. Sijaona mpaka leo kundi zuri kama lile. Jogoo wangu alisimama katikati ya matetea wake kama moshi uliopewa miguu. Fundi cherehani alitoka na utepe wake shingoni, akasema Mwanahawa leo amekwisha. Nami niliamini.

Likainuliwa la Mwanahawa. Ndani mlikuwa na matetea weusi watupu. Hamkuwa na Majivu hata mmoja. Na katikati yao, akitembea kwa kuchechemea kidogo, alikuwa yule Chokaa wangu wa kidole kilichovunjika.

Nilisema kitu ambacho bado ningekisema. "Huyu jogoo ni wangu."

"Ulinipa, kaka," alisema Mwanahawa. Hakucheka. "Ulisema nikamle na ubwabwa."

Mzee akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Majivu kwa Majivu rangi huvunjika, kila mara. Mweusi kwa Chokaa huzaa Majivu, wote. Baba yake aliijua siri hiyo, na yeye hakumfundisha yeyote, alisubiri aone nani ataifikia mwenyewe. Mwanahawa aliifikia kwa kuwahurumia Chokaa, akawa anawabakiza mmoja mmoja, akatazama wanachozaa.

"Wewe unachagua anachokitaka mteja," mzee aliniambia. "Ndiyo maana kwenye kununua huna mpinzani. Mbegu nampa huyu."

Nilimwambia shikamoo ya kuagia, akaitikia marahaba, nikatoka. Sikumaliza hata mwezi nikawa Mtwara, kisha Songea, kisha nikarudi, kisha nikaondoka tena. Niliendelea kununua na kuuza kuku wa kila aina mpaka kifua kilipogoma. Daktari alisema ni vumbi la manyoya, niachane nalo. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kabla ya kufika hamsini, kwenye chumba cha kupanga kisicho na hata kibaraza.

Nyumba ya mzee sasa ni ghorofa, chini maduka ya vitambaa, juu stoo. Mwanahawa aliwaomba watoto wa mzee wamwachie paa, wakakubali, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Ukipita mtaa ule asubuhi, kabla spika za maduka hazijafunguliwa, utawasikia kuchi wakiwika juu mawinguni. Wapita njia huinua vichwa, kisha wakadhani ni simu ya mtu. Mimi siinui. Najua ni nani.

Vijana mnapenda kuniambia kwamba wivu huisha na umri. Wangu haukuisha, umezoea tu. Nikiona picha za Majivu kwenye simu zenu, wakiitwa sasa kwa jina la Mwanahawa, natafuta kasoro ya mguu. Siipati. Na ushauri wangu kwenu ni mmoja tu, kwa sababu mengine mtajifunza wenyewe: kabla hujamtoa kuku asiye na mteja, mwache azae mara moja.

Mwezi uliopita nilipanda ngazi za ghorofa lile mpaka paani. Nilipumzika kila ghorofa. Mwanahawa alinipokea kwa heshima kubwa, akanipa kiti, akaniita kaka kama zamani, akaniuliza habari za kifua. Aliniambia nichague Majivu yeyote nimtakaye, zawadi. Nilimwambia sitaki Majivu. Nataka Chokaa mmoja, wa ukoo wa yule. Si wa kufuga, maana sina pa kufugia. Nilitaka tu mtu aniamini.

Aliokota punje kwenye bakuli.

"Chokaa hawatoki hapa, kaka," alisema. "Hata kwako. Kwako hasa."

Kwa hiyo nilichagua Majivu. Nilimchagua vizuri, sikukosea, kifua, shingo, pindo la kila unyoya. Nikashuka naye nimemweka kwapani, kifua mbele, nikaingia Kariakoo iliyojaa. Wapagazi walinipisha. Mama mmoja muuza mitumba alisema hajaona jogoo wa namna ile. Kijana wa duka la vitambaa akanikimbilia kuniuliza kama namuuza. Nilimjibu kila mmoja kwa adabu, nikatembea mpaka Gerezani katikati ya sifa zile zote, na shingo ilikuwa inaniuma kwa kujizuia nisigeuke kutazama paa.