Kibao Shingoni mwa Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu alinipokea mlangoni mwa darasa la tano, katika shule moja ya msingi kilimani, juu ya mji wa Laare. Alinikabidhi chaki na kunipa agizo moja.

"Mwalimu, mimi nikipita hapa nje nataka nisikie sauti yako peke yake. Watoto wakiongea, nitajua kazi imekushinda."

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nilikofundishwa kuandika andalio la somo, yaani mpango wa kila kipindi. Mwishoni mwa andalio tuliacha nafasi ya maswali. Pale shuleni nafasi hiyo haikuwa na kazi. Nilikuwa nikiuliza, "Nani ana swali?" na macho yote yanashuka kwenye madawati.

Sikukubali kwamba watoto wale hawakuwa na la kuuliza. Walinyamazishwa na kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, na aliyesikika akisema Kimeru, lugha ya nyumbani kwao, alivishwa shingoni mpaka jioni, kisha akachapwa. Kiswahili chao kilikuwa kidogo, Kiingereza kidogo zaidi. Wangeuliza kwa lugha gani?

Basi nikawaambia: katika kipindi changu, uliza kwa lugha uliyo nayo, tutatafsiri pamoja. Nikajifunza pia kungoja. Nikiuliza swali sikumtaja mtu mara moja. Nilinyamaza kila mmoja apate kufikiri, ndipo nikataja jina. Aliyekosea hakuchekwa. Polepole mikono ikaanza kuinuka.

Muhula wa pili akaja mkaguzi wa shule, akaketi nyuma ya darasa pamoja na mwalimu mkuu. Nilikuwa nikifundisha jinsi mimea inavyopata maji. Msichana aitwaye Kendi, binti wa mkulima wa miraa, akasimama na kuuliza kwa Kimeru kwa nini wakati wa kiangazi mahindi hukauka lakini miraa hubaki kijani.

"Huyo mtoto amevunja sheria," mkaguzi akasema. "Mvishe kibao."

Kendi akaanza kulia. Hasira yangu ilizidi woga.

"Bwana mkaguzi, ameuliza swali zuri, na mimi ndiye niliyemruhusu. Kama kuna mtu wa kuvishwa, ni mimi."

Nikakitoa kibao msumarini kilipotundikwa ukutani, nikajivisha. Kisha nikalirudisha swali darasani, yaani sikulijibu mwenyewe, niliwaachia wenzake. Mvulana mmoja akasema baba yake alipong'oa mti mzee wa miraa, walichimba mpaka wakachoka na mizizi bado ilikuwa inaenda chini. Mwingine akasema mahindi yeye huyang'oa kwa mkono mmoja. Wakajibu wenyewe, nusu Kimeru nusu Kiswahili, mbele ya mkaguzi, nami nikaandika ubaoni kibao kikining'inia kifuani.

Ofisini mwalimu mkuu akaniambia, "Umeniaibisha. Omba msamaha tuyamalize."

"Kwa kosa gani, mwalimu?"

Muhula ulipoisha nikahamishiwa Mitunguu, kule kwenye joto, ili ninyooke. Nilifundisha vilevile. Walimu niliowaelekeza kazi walipandishwa vyeo wakawa wakubwa wangu, mimi nikabaki darasani. Iliniuma, sitasema uongo. Lakini hakuna mtoto niliyemvisha kibao.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, afisa wa elimu alihutubia sana akisifu nidhamu na utulivu. Zamu yangu ilipofika niliwageukia wanafunzi, nikauliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja akasimama.

"Mwalimu, mbona hukuwahi kuwa mwalimu mkuu?"

Afisa akakohoa.

"Kwa sababu waliniambia niwanyamazishe watoto, nikakataa," nikamjibu. "Wakiniambia leo, nitakataa tena."

Sasa ninaishi Kinoru. Walimu vijana hunitembelea, husema silabasi ni ndefu na maswali yanawachelewesha. Huwauliza: ukiimaliza silabasi na darasa zima limenyamaza, umeimaliza na nani? Wengine hukasirika. Wakasirike. Chai ipo, waketi tubishane.