Droni ya Njano na Mizinga ya Dorika

Dorika alipofariki, kikundi cha wakulima cha pale Iguguno kilimwachia mumewe nafasi yake. Laurenti hakuiomba. Wanawake wanne walimfuata nyumbani baada ya arobaini, wakamwambia, shemeji, nafasi hii ni ya nyumba yenu, njoo ukae. Akaenda. Kukataa kungetaka maneno mengi kuliko kwenda.

Miaka arobaini na mitatu waliyoishi pamoja, msemaji alikuwa Dorika. Kwa mtendaji wa kijiji, kwa wakwe, kwa mnunuzi wa mahindi mwenye mizani isiyoaminika, Dorika ndiye aliyesimama mbele. Laurenti alisimama nyuma yake kidogo, na akiona mke wake amepitiwa na jambo, alikohoa. Dorika alikijua kikohozi hicho. Aligeuka, akauliza, "Nini?", Laurenti akamnong'oneza, na hapo hapo Dorika akaliweka neno mbele za watu kana kwamba ni lake. Watu walimwona mzee yule mpole tu, ana kifua kibovu.

Dorika aliacha mizinga saba ya nyuki. Ilikaa mwisho wa shamba, chini ya migunga, nyuma ya kipande cha alizeti. Siku zake za mwisho hospitalini hakuulizia nyumba wala watoto walio mbali. Alisema, "Nyuki usiwaache bila maji."

Basi kila asubuhi Laurenti alijaza beseni, akaweka vijiti vielee juu ya maji ili nyuki wapate pa kukanyaga wasizame. Watoto walipopiga simu kuuliza anaendeleaje, alijibu kwamba nyuki wapo. Kulikuwa na siku ambazo hakuinuka kitandani kwa sababu nyingine yoyote.

Mwezi wa pili viwavijeshi viliingia kwenye mahindi. Mabomba ya mgongoni yalikuwa machache, na migongo yenyewe imezeeka. Kikundi kikaamua kununua droni ya kupulizia dawa. Wangemaliza mashamba yao, kisha wangeikodisha kwa wakulima wengine mpaka Shelui. Wauzaji wawili wakaitwa siku moja, kila mmoja aje na ya kwake, watu waone kwa macho.

Ashrafu, mwenye duka la pembejeo Singida mjini, alikuja na droni kubwa ya njano. Paschal, aliyewahi kuwa bwana shamba, alikuja na ndogo nyeusi.

"Shikamooni kwa walionizidi," Ashrafu alisema akishuka kwenye gari, "na marahaba kwa niliowazidi, hata kama hamjanisalimia."

Wanawake wakacheka. Alishapata nusu ya kura.

Paschal akarusha kwanza. Nyeusi iliruka chini chini, karibu iguse mahindi, ikidondosha matone mazito. Kila baada ya muda mfupi ilirudi kujazwa tangi.

"Hii mbona kila saa inarudi kunywa maji?" akauliza Swaumu, mama wa genge la samaki, ambaye hakuna kikao kilichopita bila mdomo wake. "Ina homa?"

"Ni nzuri hiyo," Ashrafu akasema. "Ya kupigia picha za harusi."

"Na ya kwako itafaa kuzimia moto," Paschal akamjibu.

Kisha ya njano ikapaa. Iliruka juu, ikasambaza maji kama ukungu, na ekari nzima ikaisha chai ikiwa bado ya moto kwenye vikombe. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, upepo haujaamka, majani yalitikisika kwa shida.

Laurenti hakuwa pamoja nao. Tangu mazishi alikuwa na tabia ya kusimama mbali na watu, na siku hiyo alisimama ng'ambo ya njia, peke yake. Akasikia ubaridi shavuni. Akatazama juu, mbingu nyeupe. Akapangusa uso, akaangalia kiganja. Kimelowa.

Kutoka pale hadi mahali droni ilipokuwa inapita palikuwa na hatua kama sitini. Kutoka mstari wa mwisho wa mahindi ya jirani yake hadi kwenye mizinga ya Dorika hazifiki arobaini. Na huo ulikuwa upepo wa asubuhi. Upepo wa mchana wa pale huwavua watu kofia.

Leo ni maji matupu, akawaza. Siku ya dawa je?

Hakuna mwingine aliyelowa. Wote walikuwa wamesimama upande unakotoka upepo, karibu na chai.

Siku mbili alizunguka na sentensi moja kichwani. Ile kubwa, dawa yake inasafiri. Aliisema akichota maji, akaisema akifunga mlango. Haikuwa ndefu. Mtoto angeweza kuisema.

Kikao kilikaa kwenye ghala la kikundi. Loyce, mwenyekiti, akasimama na daftari.

"Tumeziona zote. Mwenye la kuuliza aulize sasa, tusije tukalaumiana."

Mmoja akauliza kuhusu betri. Mwingine akasema ndogo itawachelewesha, wanaokodi watawakimbia. Swaumu akasema hawezi kununua kitu chenye homa. Wakacheka tena.

Laurenti akakohoa.

Hakuna aliyegeuka. Akakohoa mara ya pili, kwa nguvu, kama alivyokuwa akikohoa zamani jambo likiwa kubwa.

"Jamani, vumbi la mahindi hilo," Swaumu akasema kwa huruma. "Mpeni shemeji maji."

Akapewa kikombe. Akanywa. Maji yalipita, sentensi haikupita. Wote walikuwa wanamtazama sasa, kwa yale macho ya msibani, na kando yake benchi lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyeikalia.

"Mzee Laurenti," Loyce akauliza taratibu, "na wewe unaonaje? Kubwa au ndogo?"

Alifungua mdomo.

"Wengi wanavyoona," akasema.

"Haya. Kubwa."

Ya njano ikanunuliwa.

Walipanga kupulizia alfajiri, kama Ashrafu alivyowaelekeza. Lakini siku ya shamba la jirani yake Laurenti umeme ulikatika tangu usiku, betri zikachelewa kujaa, na vijana wanaoirusha droni wakaona waanze tu kuliko siku ipotee. Laurenti alikuwa nyumbani anamenya mihogo aliposikia mvumo. Akatazama jua. Lilikuwa utosini, na miti yote imelalia upande wa shamba lake.

Akaacha kisu, akaenda. Goti lake la kulia halikimbii. Alipofika kwenye alizeti, droni ilikuwa imeshapita na kurudi mara kadhaa, na maua yalikuwa yameng'aa kama yamepigwa na umande. Saa saba mchana. Akainua mikono, akaipunga. Vijana walikuwa mbali, wakadhani anawasalimu. Wakapunga na wao.

Nyuki walianza kuanguka kabla jua halijazama. Walirudi kutoka kwenye maua wakakosa mlango, wakatua chini, wakazunguka mahali pamoja wakitetemeka mabawa. Kesho yake walikuwa wamelala chungu chungu mbele ya mizinga. Laurenti alichuchumaa, akawakusanya kwa viganja. Hawakuwa na uzito wowote.

Loyce alikuja siku ya tatu, baada ya kusikia kwa watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akaangalia chini, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Yeye na Dorika walijifunza ufugaji nyuki pamoja.

"Hatukujua, baba. Mungu ni shahidi. Hakuna aliyejua kwamba ile dawa inafika huku."

"Mimi nilijua."

Loyce akamtazama.

"Siku ya majaribio nililowa uso. Nilikuwa ng'ambo ya njia."

"Sasa mbona hukusema? Si nilikuuliza? Nilikuuliza kwa jina." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Tungekusikiliza, baba. Wewe hasa tungekusikiliza."

"Nilikohoa," Laurenti akasema.

Loyce hakuelewa, na Laurenti hakuwa na namna ya kumweleza. Mwishowe Loyce akasema kikundi kitakaa, kitaona namna ya kumfuta machozi, labda wamtafutie makundi mengine ya nyuki.

"Hao watakuwa wa kikundi, si wa Dorika," Laurenti akasema. "Nenda, mwanangu. Una safari."

Alipobaki peke yake akaanza na mzinga wa kwanza. Akaweka sikio kwenye ubao, akazuia pumzi. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu aliugonga kwa kidole, akasubiri, kimya. Wa nne, wa tano. Kwenye wa sita alikaa sana, kwa sababu alidhani amesikia kitu, ila yalikuwa mapigo ya damu sikioni mwake mwenyewe.

Akanyanyuka kwa kushika mgunga. Mzinga wa saba ulikuwa hatua tatu kutoka pale. Aliutazama, hakuusogelea. Kama wamo, hana la kuwaambia, maana neno la kuwaokoa hakulisema. Kama hawamo, asiposikiliza bado hajaambiwa.

Akauacha, akarudi nyumbani.