Nyumba ya Siku Nyingi

Mwaka 1955, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu wa mashambani na kuwajaza katika kijiji kimoja nyuma ya Ruiru, Ngendo alifika na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na jina baya lililomtangulia. Alikuwa amefua nguo za watu Thika, akarudi na mvulana, Githinji, asiye na baba wa kutajwa. Hilo lilitosha. Kabla hajatua mzigo, wanawake walikuwa wamemaliza kesi yake.

Hakuna aliyempiga. Waceke, mke wa mzee wa kanisa, angekuwa wa kwanza kuapa hivyo. Walichofanya ni kumnyima jina. Kila mama pale aliitwa kwa mtoto wake. Waceke mwenyewe alikuwa Mama Kagwe. Ngendo aliitwa "yule wa Thika." Akifika mtoni, maongezi yalikatika. Githinji akisogelea watoto wenzake, mama zao waliwaita nyumbani. Anayesema hiyo si fimbo, anasema hivyo kwa kuwa ndiye aliyeishika.

Mkuu wa kijiji akatoa amri: nyumba isiyo na paa siku ya ukaguzi, kiwanja chake atapewa mwingine. Ngendo hakuwa na pengine pa kwenda.

Kwa desturi, nyumba iliezekwa kwa siku moja. Wanaume walipanda juu, wanawake wakaleta nyasi kwa ngwatio, kila mtu akisaidiwa kwa zamu, na jioni moto wa kwanza uliombwa kwa jirani. Ngendo aliwabebea wote nyasi. Zamu yake ilipofika, kiwanjani hakuja mtu.

"Mama Kagwe," alimwambia Waceke, "leo ni kwangu."

"Kwako wapi? Nenda ukaezekewe na waume zako wa Thika. Si ni wengi?"

Wanawake wakaangua kicheko.

Ngendo akapanda mwenyewe. Mwanamke juu ya paa! Kila alasiri, wakishatoka kuchimba mtaro wa kuzunguka kijiji, alikata nyasi na kuzifunga, safu juu ya safu, bila mtu wa kumharakisha.

"Nyumba ya siku nyingi," Waceke alisema akipita, "hiyo ni ya mkosi."

Siku ya ukaguzi mkuu wa kijiji alitazama juu, akatikisa nguzo, akaenda zake. Nyumba ikabaki. Moto alinyimwa katika kila mlango, mpaka Syombua, Mkamba aliyeolewa na mkata mawe wa ng'ambo ya mto, akamletea makaa ndani ya kopo.

"Shika upesi, dada, kabla sijakudai vidole vipya!"

Kisha masika yakaanza kwa kishindo. Mapaa yaliyoezekwa mbio mbio, kwa nyasi haba, yalivuja kama chujio. Kulipokucha hakuna jiko lililobaki na kaa hai, viberiti vilikuwa vimelowa, na duka lilikuwa limefungwa kwa amri. Moshi ulipanda kutoka nyumba moja tu.

Waceke alikuja na kigae cha chungu cha kubebea makaa mkononi, wengine nyuma yake, akasimama nje.

"Wewe! Tugawie moto. Kagwe anatetemeka."

Ngendo alikuwa akikoroga uji. Neno la kumrudishia alikuwa nalo mdomoni tangu siku ile ya nyasi. Alilimeza. Ila hakuinuka.

"Moto upo," alisema. "Lakini mimi si 'wewe.' Na moto wangu sitautupa nje. Anayeutaka apige hodi kwa jina langu, aingie, akae."

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka la Waceke. Mgongoni mwake, Kagwe alikohoa.

"Hodi," Waceke alisema, sauti ikiwa chini.

"Kwa nani?"

Waceke akainua uso. "Hodi kwako, Mama Githinji."

"Karibu, Mama Kagwe. Inama, mlango ni mfupi."

Akainama, akaingia. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja akilitaja jina lile mlangoni, mpaka Githinji akacheka kwa kulisikia mara nyingi hivyo. Wakanywa uji. Kisha makaa yakatoka kwa Ngendo, kigae baada ya kigae, na moshi ukapanda kijiji kizima.

Mvua ilipopungua, ngwatio ilianza upya. Ngendo alionekana juu ya paa la Waceke, amepiga magoti kwenye nyasi, akipaza sauti watu wote wasikie:

"Mama Kagwe, leta nyasi! Nani alikwambia nyumba ni ya siku moja?"