Mfupa wa Ng'ombe Mzee

Kwa muuza nyama wa karibu na nyumba niliyopangishiwa Nyamagana, jijini Mwanza, mimi nilikuwa mteja wa ajabu. Sikununua steki wala maini. Nilinunua uti wa mgongo wa ng'ombe, na nilimwomba asiupasue kwa shoka katikati kama alivyozoea.

"Daktari, leo tena mgongo?" aliniuliza mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni. "Na shemeji hajaja tu? Supu yote hiyo unakunywa peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Siku moja tutakukuta umezama kwenye sufuria."

Akina mama walicheka, nami nikacheka nao. Niliporudi nyumbani niliweka mfupa juu ya meza ya kulia chakula. Meza hiyo ilikuwa na viti vinne, na vitatu vilikuwa havijakaliwa tangu nilipohamia.

Mke wangu alikuwa mwalimu Dodoma, akisubiri uhamisho. Miaka ile hospitali binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, na madaktari wenzangu wawili wa upasuaji wa mifupa walikuwa wameondoka, mmoja Dar es Salaam, mwingine Botswana. Daktari mgeni aliyekuja kunifundisha kufunga uti wa mgongo kwa skrubu alikuwa amerudi kwao, akaniachia sanduku la vyuma. Manesi wangu walikuwa hodari, lakini hapakuwa na mtu wa kumuuliza, "Hivi na wewe mkono wako unahisi hivi?" Ndiyo maana nilikuwa nikiuuliza mfupa wa ng'ombe.

Nieleze taratibu, maana si jambo la kuogopesha. Uti wa mgongo umepangwa pingili juu ya pingili. Kila pingili ina shingo mbili fupi upande wa nyuma, kulia na kushoto, na skrubu hupita ndani ya shingo hizo hadi kwenye mwili wa pingili. Kati ya shingo hizo mbili ndipo unapopita mshipa mkuu wa fahamu, ule unaoipa miguu uhai. Ukikosea kuelekea ndani, umeugusa. Ukikosea kuelekea nje, skrubu haina pa kushika. Kwa hiyo unatoboa polepole kwa mkono, kisha unaingiza waya butu na kupapasa kuta za tundu, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Ukuta ukiwa mzima pande zote, unakaza.

Ndipo akaletwa mama mmoja mjane wa Sengerema. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakigombea mizigo vijijini msimu ule, na yeye hakuamini mizani ya mtu. Alipanda lori, akaketi juu ya magunia yake, aje aone mwenyewe yakipimwa Mwanza. Karibu na Usagara lori liliingia shimoni, naye akaanguka. Pingili moja ya kiunoni ilipondeka. Vidole vya miguu vilicheza bado, lakini kila alipoketishwa ganzi ilishuka hadi kwenye nyayo. Skrubu zikishika, angesimama na kurudi kwake. Zikichomoka, vipande vya mfupa vingeweza kuusukuma ule mshipa, na miguu ingekwenda.

Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza akiwa amelala chali.

"Baba, hizo skrubu ni kama za dirisha?"

"Karibu hivyo, mama."

"Za dirisha langu zilitoka zote. Mbao zimeliwa na mchwa."

Mdogo wake aliyekuwa akimuuguza alimkemea, "Dada, usimtie daktari mkosi!" Tukacheka wote watatu. Kisha nikaenda kuitazama tena picha yake ya eksirei. Mifupa ilikuwa imepauka, myepesi, ya mtu aliyezaa na kulima maisha yake yote. Mifupa ya mezani kwangu ilikuwa migumu hadi mkono uliniuma.

Jioni nilimuuliza muuza nyama, "Ile mifupa unayoniuzia ni ya ng'ombe wa umri gani?"

"Madume vijana, daktari. Wewe nakuwekea ile mizuri. Mtu anayekaa peke yake tumpe mfupa wa kikongwe?"

"Naomba wa kikongwe."

Alishusha sauti. "Kama nimekukosea, niambie. Supu yake haina kitu."

"Sipiki supu. Natia skrubu."

"Kwenye mfupa?"

"Kwenye mfupa."

Alifuta kisu chake taratibu. "Basi shemeji aje haraka."

Alinipatia mgongo wa jike mzee aliyekonda kwa kiangazi. Skrubu ya kwanza niliichomoa kwa vidole, bila nguvu. Niliketi nikiitazama, huku redio ya jirani ikiimba upande wa pili wa ukuta, na nilitamani sana kumwonyesha mtu. Nikaanza upya. Nilitoboa tundu jembamba zaidi, skrubu ijikaze yenyewe. Nilizielekeza mbili za pingili moja ndani kidogo, zikaribiane ncha, ili ukivuta moja iwe unavuta na mfupa ulio katikati. Tundu lililolegea nililijaza chembe za mfupa, nikazishindilia, ndipo nikakaza. Nilivuta. Meza ilisogea, skrubu haikutoka.

Siku ya upasuaji skrubu tatu zilishika vizuri. Ya nne ilizunguka tu, haikushika popote. Nesi aliyenipa vyombo alinitazama juu ya barakoa, nami sikuwa na wa kumtazama. Nikaitoa, nikapapasa kuta kwa waya, zilikuwa nzima. Nikachukua chembe kutoka mfupa wake wa nyonga, nikashindilia, nikakaza polepole kuliko nilivyowahi kukaza kitu chochote. Kiganjani nikahisi ukaidi ule mdogo ninaoujua. Nikashika kichwa cha skrubu, nikavuta, na pingili ikaja nayo.

"Imeshika," nilisema.

"Nini, daktari?" aliuliza mtaalamu wa usingizi.

"Mchwa hawakumaliza mbao."

Hakuna aliyecheka. Aliyeujua utani huo alikuwa amelala.

Wiki zilipita kabla sijamruhusu. Nilimfungia kiuno kwa plasta ngumu, nikamfundisha kuinuka kwa ubavu, nikamkataza kabisa kujipinda kugeuka nyuma hadi mfupa uunge. Siku ya kuondoka niliwasindikiza yeye na mdogo wake hadi kivukoni. Alipanda kivuko kwa miguu yake, polepole, wima kama mwanafunzi gwarideni. Mdogo wake aligeuka kunipungia. Yeye hakugeuka. Aliinua mkono juu, uso wake ukielekea Sengerema, akaupunga huko mbele, hadi kivuko kikaondoka.

Nami nikaupungia mgongo wake.