Samaki Kumi na Wanne wa Vendelín

Vendelín Kubala ni mtu mbaya, na nasema hivyo akiwa hai, kwa sababu hata akinisikia hatabisha. Milango yetu inatazamana, ghorofa ya tano, mwaka wa thelathini na sita huu. Nimemsikia akikohoa, nimemsikia akitukana, na nimemsikia akiwabembeleza samaki wake kwa sauti ambayo mkewe Drahomíra hakuwahi kuambiwa nayo neno hata siku ya harusi.

Alichimba makaa chini ya mji wetu huu wa Karviná, huku Ucheki, tangu ana miaka kumi na minane. Anastaafu, mapafu yameshajaa vumbi. Hakujali, maana alikuwa na tangi lake. Tangi la kioo, lita mia sita, limemeza ukuta mzima wa sebule. Ndani alifuga diskasi, samaki bapa wa duara, wakubwa kama visahani vya chai, buluu, na mstari mmoja mwekundu unapita katikati ya jicho. Mstari ule aliutengeneza yeye. Alichagua dume na jike, kizazi baada ya kizazi, miaka thelathini na mmoja, mpaka ukakaa. Hakuna mwingine aliyekuwa nao, na sababu ni kwamba hakumpa mtu hata samaki mmoja. Vifaranga waliozidi aliwamwaga chooni akavuta maji. Wenzake wa chama cha wafugaji walimwomba, wakambembeleza, mmoja mtu mzima na ndevu zake akatoa machozi. "Nenda kafuge kuku," Vendelín akamwambia.

Aliyeumia kwa ajili ya uzuri ule ni Drahomíra. Samaki wale walikula moyo wa ng'ombe. Kila wiki yeye ndiye aliyeutoa mafuta na mishipa kwa mkasi, akausaga, akaugandisha, halafu akamtengea mumewe na binti yao Radka viazi na kabichi chachu. Tena samaki hawawezi maji yaliyotoka bombani sasa hivi, kwa sababu ya dawa inayotiwa humo. Lazima yakae siku kadhaa. Yalikaa wapi? Kwenye hodhi la kuogea! Miaka yote hiyo hodhi lao lilijaa maji ya samaki, na wenye nyumba wakaoga wamesimama, na beseni. Jumamosi Drahomíra alikuja kwangu na taulo kwapani.

"Jirani, nije?"

"Njoo mama, maji ya moto yapo."

Isipokuwa wiki ya Krismasi. Wiki hiyo hata kwangu haogi mtu, hodhi ni la kapri wa mlo wa mkesha. Unamnunua mzima sokoni, samaki mnene wa bwawani, unamweka kwenye maji siku mbili tatu atoe tope, watoto wanampa jina, halafu asubuhi ya mkesha mtu mzima anaingia na nyundo na kufunga mlango. Kwa Kubala hakuna aliyeletwa. Radka alikuwa akija kutazama wa kwetu, anasimama pale mlangoni mwa bafu, hathubutu hata kumpa jina kwa kuwa si wake. Kwao walikula vipande vya samaki wa barafu kutoka dukani.

Sasa, mwaka juzi daktari wa mapafu akamwambia Vendelín aende kwenye nyumba ya matibabu huko milimani. Wiki nane, katikati ya Novemba hadi Januari.

"Wiki nane!" Vendelín akapiga kelele. "Na samaki?"

"Usipokwenda, samaki watakuzika wewe," daktari akamjibu. Vendelín mwenyewe ndiye aliyetusimulia, kakasirika kana kwamba katukanwa.

Akaanza kutafuta mtu. Loo, nilifurahi jamani, sifichi. Aliwapigia wanachama wote, mmoja mmoja, wale wale aliowaambia wakafuge kuku. Wa kwanza alikata simu. Wa pili alikohoa makusudi kumwigiza, ndipo akakata. Mwenyekiti alikuwa mpole kuliko wote: "Nitakuja kwa moyo wangu wote, Vendelín. Nitakuja na ndoo na wavu." Siku ile Vendelín hakula.

Mpaka mimi alinijia. Akanishika mikono, akainusa kama mnunuzi wa nyama.

"Sabuni," akasema. "Utawaua kabla ya Jumapili."

"Basi kawapigie kuku simu," nikamwambia, nikamfungia mlango.

Akabaki Drahomíra. Mwanamke aliyepikia watoto mia tatu chakula cha shule kwa miaka ishirini, na hakuna aliyeumwa tumbo. Lakini kwa mumewe alikuwa zuzu tu. Vendelín akaandika karatasi saba kwa herufi kubwa, akazibandika kwenye kioo cha tangi. Juu ya ile ya kwanza aliandika: USIFIKIRI. SOMA. Kisha akamfundisha wiki mbili. Nilikuwa nikienda kuomba chumvi nikakuta mtihani mezani.

"Ijumaa?"

"Ndoo sita."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye hodhi. Kila ndoo na birika moja la maji ya moto."

"Hodhi likipungua?"

"Naongeza ya bomba jioni ileile. Simwagi hodhi kamwe."

"Wakigeuka weusi?"

"Naba... nabadilisha maji mara mbili. Ndoo kumi na mbili, kila siku, mpaka rangi irudi."

"Umesita. Anza upya."

"Vendelín, na kama tatizo linatoka kwenye..."

"Kichwa chako ni cha kuvalia kofia!" Ngumi mezani, vikombe vikaruka. "Nimekuuliza unachofikiri? Nimekuuliza? Anza upya!"

Akaanza upya. Mimi nilishika chumvi yangu nikatoka, na moyoni nilimwombea mzee yule mabaya ambayo siwezi kuyasema kanisani.

Akaenda. Alimbusu mkewe? Ng'o. Aliweka kiganja kwenye kioo, samaki wote kumi na wanne wakaja kukinusa, machozi yakamlenga machoni, akashika begi. Ndivyo alivyokuwa. Kama una huruma, mhurumie hapo, mimi zangu zilikuwa zimeisha.

Alipiga simu kila Alhamisi saa nne asubuhi. Aliwaulizia samaki mmoja mmoja kwa namba. Wiki ya tatu Drahomíra alianguka kwenye barafu mbele ya jengo, akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta. Nilikuwepo alipomwambia, simu iko mezani inasikika chumba kizima.

"Mkono gani?" Vendelín akauliza.

"Wa kulia."

"Huo ndio unaobebea ndoo?"

"Ndio huo."

"Basi tumia wa kushoto. Namba tisa anakula?"

Drahomíra akasema anakula. Nilimtazama usoni. Hakulia wala hakununa, alisogea kwenye karatasi akatia alama ya penseli kwenye mstari wa siku ile. Alikuwa akitia alama kila mstari alioutimiza. Tangu hapo nikawa nambebea ndoo, kwa sababu mtu na plasta atabeba vipi?

Siku kumi kabla ya Krismasi Radka akapiga kutoka mji wa Brno: anakuja na binti yake wa miaka minne. Drahomíra akaja kwangu mbio kama msichana. "Shoga, nitanunua kapri! Mjukuu wangu atampa jina!"

"Utamweka wapi?"

Alhamisi ilipofika akamuuliza mumewe, na anayesema Drahomíra hakumuuliza, aje kwangu, nilisikia kwa masikio yangu haya.

"Vendelín, Radka anakuja. Mwaka huu nataka kununua kapri."

"Nunua hata nyangumi, unanipigia kelele za jikoni? Ijumaa ni nini?"

"Ndoo sita kutoka kwenye hodhi. Lakini Vendelín, hilo hodhi ndilo..."

"Umeanza! Umeanza kufikiri! Karatasi ziko wapi?"

"Kwenye kioo."

"Soma! Fanya kilichoandikwa, ukiongeza chako hata kimoja nikirudi utanitambua." Akakata.

Drahomíra akasogeza simu pembeni. Jumatano iliyofuata akavaa koti. "Twende sokoni," akasema.

Kapri yule alikuwa na kilo tatu na nusu. Tulimtia kwenye hodhi siku hiyohiyo, na Radka alipofika na mtoto wake, mtoto akampigia magoti, akamwita Bwana Ndevu. Radka alisimama mlangoni mwa bafu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, akaanza kulia, mama yake akamshika kiuno, na wote watatu wakacheka na kulia pamoja. Nyumba ile sijawahi kuiona hivyo. Siku mbili Bwana Ndevu alitema tope lake na uchafu wake na utelezi wake ndani ya maji yale, mpaka yakafanana na supu ya jana. Mkesha uliangukia Ijumaa. Asubuhi nikafunga mlango nikampiga nyundo mimi, kwa kuwa Drahomíra hana mkono.

Alipokwisha kuparuliwa magamba, Drahomíra akaja na ndoo.

"Ijumaa," akasema.

Nikatazama hodhi. "Draha, maji haya yamelaliwa na kapri."

"Karatasi inasema hodhi."

"Naijua inavyosema."

"Karatasi inasema simwagi hodhi kamwe."

Tukatazamana. Mnataka kujua kama alijua? Mimi nilijua. Nimekulia kwenye nyumba ya mfuga samaki, najua maji ya bwawani yanavyowafanya samaki wa kioo. Nikainama, nikachota. Nilibeba ndoo zote sita, moja baada ya nyingine, na yeye akaongeza birika la maji ya moto kwa mkono wake mzima, kisha akatia alama ya penseli.

Siku ya pili ya Krismasi wakaanza kuwa weusi. Walijibana pembeni, mapezi yamefungwa, mstari ule mwekundu hauonekani tena. Drahomíra akasoma karatasi ya tano kwa sauti, kidole kwenye mstari: wakigeuka weusi, ndoo kumi na mbili kutoka kwenye hodhi, kila siku, mpaka rangi irudi. Nikabeba kumi na mbili. Kesho yake kumi na mbili. Radka akasema, "Mama, acha, mwaga hayo maji uweke mengine," na mama yake akamjibu kwa upole kabisa, "Baba yako kanikataza kufikiri, mwanangu." Tarehe thelathini namba tisa akaelea. Mwaka mpya ulipoingia hakubaki hata mmoja.

Simu iliendelea, sasa haulizi namba, anauliza karatasi tu. "Umefanya yaliyoandikwa?" "Kila mstari." "Weusi?" "Hakuna mweusi tena." Na kweli, hakuwepo. Alhamisi ya mwisho, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini ya ndoa, Vendelín alimwambia mkewe neno la kumsifu. Alisema, "Kumbe ukishikiwa fimbo unafundishika." Pumzi yake ilikuwa imetulia, huko milimani walikuwa wamemtibu vizuri.

Alirudi katikati ya Januari. Nilisikia lifti, nikatoka, sijifanyi nilitoka kwa jambo lingine. Aliingia na begi na koti, hajavua viatu, akaenda moja kwa moja sebuleni. Taa ya tangi inawaka, maji safi, chujio linakoroma. Akaweka kiganja kwenye kioo. Akakiacha hapo muda mrefu.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Akaketi chini na koti lake, akazibandua karatasi moja moja, akasoma. Alikuwa akitafuta. Drahomíra alisimama jikoni anamenya viazi.

"Ulisahau maji ya moto," Vendelín akasema.

"Sikusahau. Tazama alama."

"Ulizidisha chakula."

"Gramu ulizoandika."

Akafika karatasi ya tano. Alama zimesimama pale, ndoo kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. "Maji," akasema. "Maji ya hodhini yalikuwa na nini?"

"Kapri. Nilikuuliza, ukasema ninunue hata nyangumi. Nikataka kusema ni hodhi lilelile, ukakata simu."

Nilimwona akikumbuka. Uso ulimlegea wote, akawa mzee mbele yangu, na kile kikohozi walichokitibu wiki nane kikarudi, akakohoa mpaka akashika zulia kwa mikono yote miwili. Kilipomwachia akasema kwa sauti ndogo, "Draha. Sema ulikosea mahali. Popote pale. Nakuomba."

Nakuomba! Sijui alilipata wapi neno hilo.

"Kila mstari, Vendelín," mkewe akasema, akaendelea kumenya.

Akanigeukia mimi mlangoni. Macho mekundu, midomo ya buluu. "Jirani, wewe ulikuwepo. Alikosea wapi?"

Ningeweza kumwambia. Ningesema mkewe alikuwa mzembe, au nikasema ni mimi niliyebeba ndoo hali najua, na ingekuwa kweli tupu, naye angepata mtu wa kumchukia na kulala usingizi. Alinisubiri huku anahema, kashika karatasi zake saba.

"Hakukosea popote," nikamwambia. "Alifuata ulivyoandika."